Makapi ya Kaseti

Kipande cha kumi na tisa kilikuwa na urefu wa sekunde tisa tu, na nilikuwa nimeshakisogeza mara tano. Nikikiweka mwanzo wa wimbo kinasikika kama kosa. Nikikiweka katikati kinanda kinakifunika. Nikakisogeza hadi pale kinanda kinaposhusha pumzi, kabla zile sauti nzito za chini hazijaanza, nikabonyeza nisikilize.

Ko, ko. Kimya. Ko. Halafu mtu akasafisha koo, taratibu, kama mtu aliye nyuma ya mlango.

Vinyweleo vya mikono vilinisimama. Nikafurahi. Nikaandika kwenye daftari: wimbo wa 7, dakika ya pili na sekunde kumi na moja, kipande cha 19, kimekubali.

Ilikuwa Jumanne, saa tisa mchana, ndani ya stoo ya sauti nyuma ya ukumbi mkubwa wa hoteli yetu, West Bay. Stoo haina dirisha. Ina rafu za spika, nyaya nilizozikunja na kuzifunga utepe kwa rangi, na meza moja ya kompyuta. Mwaka wa saba huu mimi ndiye fundi wa sauti hapo. Kazi yenyewe sikuisomea. Nilikuja Doha kutoka Tanga kulinda mlango wa nyuma, nikawa nawasaidia mafundi kubeba spika, mafundi wakaondoka mmoja mmoja, nikabaki na funguo. Yaliyobaki nilijifunza kwa kutazama video na kuandika, jambo moja baada ya jingine, na nisiloelewa nalirudia kesho yake.

Ijumaa ya wiki ile ilikuwa tarehe thelathini na moja Oktoba, Halowini, sikukuu ya Wazungu ya kutishana kwa mizimu. Jina hilo halikuandikwa popote. Bango kwenye lifti lilisema Mlo wa Mchana wa Oktoba, na utando wa buibui wa plastiki uliruhusiwa ndani ya mgahawa tu, usivuke mlango kuelekea mapokezi. Shaun, meneja wa migahawa, mtu wa Durban, alitaka muziki wa kujaza saa tatu: vinanda vya kanisani, fidla zinazolia peke yake, valsi za polepole, na nyimbo za dansi za miaka tisini iliyopita, zile ambazo mwimbaji husikika kama anaimba ndani ya mtungi. Mapambo hakuyategemea. Alisema kazi yote ifanywe na muziki.

Nilimpa orodha ya nyimbo thelathini na moja. Alizionja kidogo kidogo, akasema ni safi mno. Waliozitoa upya wamezing'arisha kama sahani. Yeye alitaka mikwaruzo, vumbi, kitu cha kumfanya mgeni aache uma hewani.

Hapo nilikwama, kwa sababu miaka yote hiyo nilikuwa nimejifunza kuondoa uchafu, kuuweka sikujua. Nikapakua mikwaruzo ya bandia kutoka mtandaoni, lakini ile hujirudia kila baada ya sekunde nane, na sikio likishagundua haliachi kuhesabu. Ndipo nikakumbuka kwamba ninao uchafu wa kweli, nimeuhifadhi.

Programu ninayotumia kusafishia rekodi huigawa sauti mafungu mawili, kama mtu anayepeta mchele kwenye ungo. Upande huu inabaki sauti unayoitaka, upande ule yanaangukia makapi: mvumo, milio, vishindo, kikohozi. Mafundi wengi huyafuta makapi pale pale. Mimi huyaweka kwenye faili lake, nimpe mwenye kazi ile safi, na makapi nibaki nayo nikae nayasikiliza ili nijue nilikata wapi kupita kiasi. Niliiona tabia hiyo kuwa uangalifu.

Makapi yaliyonifaa zaidi yalitoka kwenye kaseti ya Rael.

Rael Cherotich ni mhudumu katika mgahawa huo huo, Mkenya wa upande wa Bomet. Mwezi wa tisa alinijia stoo na kaseti ndani ya soksi. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya. Aliwahi kutunga wimbo wa mavuno, na kwa kuwa waimbaji wake walikaa mbali mbali, alijirekodi akiwa peke yake mezani, akiimba sauti nne moja baada ya nyingine, soprano, alto, tenor, besi, ili kila kundi lijifunze kwenye redio nyumbani. Alifariki Novemba mwaka jana. Rael hakupata ruhusa ya kwenda kuzika. Sasa mwaka ulikuwa unatimia: Jumamosi ya tarehe nane Novemba kungekuwa na ibada ya kumbukumbu kaburini, kwaya yake ingeimba wimbo ule ikitanguliwa na sauti yake mwenyewe, na Rael ruhusa hakuipata tena. Kaseti ile ndiyo ingeenda badala yake.

Nilimwambia aniachie. Kaseti ilicheza vizuri mara ya kwanza, nikairekodi yote, dakika kumi na moja. Mara ya pili deki yangu, niliyoinunua sokoni kwa mtu aliyekuwa anahama, iliutafuna utepe hadi haukufaa. Nilimwomba radhi, akasema si kitu, maadamu tumeshaipata. Nikakaa nayo siku tisa. Niliondoa mvumo, nikaondoa mvua iliyokuwa ikigonga bati, nikaondoa vishindo vyote, kiti, kikohozi, kuku. Ikabaki sauti ya mwanamume mmoja, nyororo, imesimama peke yake.

Rael aliisikiliza hadi mwisho. Akavua hedifoni.

“Imetoka poa sana, Yusufu,” alisema. “Ni safi. Inakaa ni kama anaimbia mahali hakuna ukuta.”

Niliyachukua maneno yale kuwa sifa. Jioni hiyo nikafuta ile rekodi ya kwanza yenye kila kitu, kama ninavyofanya siku zote mwenye kazi akisharidhika, ili nipate nafasi kwenye kompyuta. Makapi nikayaacha.

Na Jumanne ile ndiyo niliyoyakatakata. Niliyapasua vipande hamsini na nane, nikatupa kimya kilichokuwa katikati yake, nikavipa majina ili nivipate haraka. Kipande cha kiti kulia nilikiita mlango wa kaburi. Kimoja chenye mlio mwembamba wa chuma nilikiita mnyororo. Kuku nikamwita kunguru. Faili lenyewe zima, kwa kuwa nilishalipasua, sikuliweka tena. Mimi ninayeandika tarehe hata kwenye chupa yangu ya maji.

Nikiwaza sasa, sikujiuliza hata mara moja kama nimwombe ruhusa. Ningejiuliza, ningejua jibu. Nilijiambia kwamba sauti ya Mwalimu sikuigusa, nimechukua takataka tu, na takataka haina mwenyewe.

Jumatano Shaun alikuja kusikiliza. Alisimama katikati ya mgahawa mtupu, macho ameyafumba. Wimbo wa saba ulipofika kwenye ule mgoto na kule kusafisha koo, alifumbua macho akaniangalia kwa namna ambayo katika miaka saba hakuwahi kuniangalia. Akauliza nimekitoa wapi.

Ningeweza kusema ni mchanganyiko wangu. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukisema ni santuri ya zamani sana, ya Mjerumani mmoja aliyekuwa akipiga kinanda Tanga kabla ya Vita vya Kwanza, na kwamba babu yangu ndiye aliyeihifadhi. Babu yangu alikuwa mshona viatu. Katika maisha yake hakumiliki santuri hata moja.

Shaun alilipenda jambo hilo kuliko muziki wenyewe. Kufikia jioni jikoni wote walikuwa na habari ya Mjerumani wa Tanga. Maurice wa kaunta ya vinywaji, Mganda mwenye ulimi mwepesi, aliniambia, “Fundi, majini ya kwenu yana adabu. Yanabisha hodi kwanza.” Nilicheka pamoja naye.

Ijumaa mlo ulianza saa saba na nusu. Nilitoka msikitini nikaja moja kwa moja kwenye meza yangu ya mitambo, nyuma ya nguzo, mahali ninapoona mgahawa wote bila kuonekana sana. Mapazia yalishushwa, nje jua likiwaka, ndani mishumaa ya betri. Wageni walikuwa kama sitini, baadhi na watoto waliopakwa unga usoni. Nyimbo sita za kwanza zilipita vizuri. Watu walikula wakinong'ona, na kila fidla ilipopanda juu mtu fulani alicheka kicheko kifupi cha woga. Nilikuwa nimeridhika.

Wimbo wa saba ulianza Rael akiwa anapeleka supu ya boga meza ya sita, mabakuli mawili kwenye sinia.

Ko, ko. Kimya. Ko.

Hakuangusha kitu. Aliliweka sinia kwenye meza iliyokuwa karibu, meza ya watu ambao hawakuagiza supu, akanyoosha aproni, akaweka mikono nyuma, akasimama wima. Alisimama kama mtoto wa shule mwalimu anapoingia darasani. Mtu akasafisha koo ndani ya spika zangu. Nikamwona Rael akivuta pumzi, kifua kikapanda, mdomo ukafunguka kidogo.

Halafu kinanda kikaingia, na hakuna aliyeimba.

Alibaki vile akingoja. Meza ya sita walimwangalia, wakaangaliana, wakadhani ni sehemu ya maonyesho. Wakampigia makofi.

Aliwapelekea supu yao. Kisha akaja kwangu nyuma ya nguzo, anatembea kawaida, sinia kifuani.

“Yusufu. Hiyo kitu umecheza saa hii ni nini?”

“Wimbo wa kinanda,” nikasema. “Santuri ya zamani.”

“Ya wapi?”

“Ya Tanga.”

Aliniangalia. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo ninalolikumbuka nikijaribu kulala. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayetaka kuamini.

“Pole,” akasema. “Nilidhani... Wacha tu. Ni hii wiki. Niko na mawazo mingi.”

Akaniomba radhi. Kwamba alinisumbua kazini, akaniomba radhi. Mimi nikamjibu usijali.

Ningeweza kuuondoa wimbo wa saba kwenye orodha wakati ule ule. Ni kitufe kimoja. Lakini kabla sijakaa sawa Shaun alikuja, uso umechangamka. Meza ya sita walikuwa wameuliza kama kile kipande kitarudiwa, kile cha mhudumu anayegandishwa na mzimu. Meza nyingine zimekikosa. Alitaka nicheze tena wimbo ule saa tisa kamili, na Rael asimame katikati, vile vile alivyosimama. Alimwita Rael pale pale akamweleza. Akaongeza, kwa kumchangamsha, habari nzima ya Mjerumani na babu yangu.

Rael alimsikiliza, akasema sawa, mudir, kama sote tunavyowaita mameneja. Hakunitazama.

Saa tisa kamili mgahawa mzima ulikuwa umegeuza viti. Alikuja akasimama katikati ya meza, sinia tupu mkononi kwa sababu Shaun alisema sinia lisaidie. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nilifikiria kusema mtambo umeharibika. Nilifikiria kucheza wimbo mwingine. Nilikuwa na dakika nzima ya kufikiria, na katika dakika hiyo nilichoogopa zaidi, naandika kama kilivyokuwa, ni uso wa Shaun akigundua kwamba hakuna Mjerumani.

Nikabonyeza.

Ko, ko. Kimya. Ko. Rael aliliweka sinia chini, akaweka mikono nyuma, akasimama wima, akavuta pumzi. Alifanya vizuri. Mtoto mmoja akajificha chini ya meza. Wakapiga makofi marefu, na Maurice kule kaunta akapiga mluzi. Rael akainama kidogo kuwashukuru, akaokota sinia, akaingia jikoni. Hakutoka hadi mlo ulipokwisha. Velma, mhudumu mwenzake, ndiye aliyezimalizia meza zake.

Nilifika chumbani kwetu mtaa wa Al Mansoura kabla ya magharibi. Wenzangu walikuwa zamu. Nikavaa hedifoni nikafungua ile rekodi safi ya Mwalimu, kazi niliyokuwa nikijivunia. Soprano inaimbwa, inaisha. Baadaye alto. Katikati yake kuna sekunde tisa ambazo hazina kitu: hakuna mvua, hakuna chumba, hakuna mtu aliyekaa akingoja. Halafu sauti inaanza ghafla, kama redio iliyowashwa na mtu mwingine. Niliisikiliza mara nne. Mara ya nne nikajikuta navuta pumzi pale isipotakiwa, kwa kuwa hakuna aliyeniambia niivute lini.

Jumamosi nilimkuta kantini ya wafanyakazi, saa nne asubuhi, anakunywa chai peke yake. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri, kwa mpangilio, la kwanza hadi la sita. Nilipokaa mbele yake yakabaki mawili.

“Rael, ile haikuwa santuri. Ilikuwa kaseti ya baba yako.”

Hakushtuka. Alikizungusha kikombe hadi kishikio chake kikarudi upande wa kwake.

Nikamweleza yote: makapi, vipande, majina niliyovipa, uongo niliomwambia Shaun na ule niliomwambia yeye. Sikuacha kitu, kwa sababu nilijua nikiacha kimoja nitakirudia. Aliniacha nimalize.

“Baba alikuwa anagonga meza na pete ya harusi,” akasema. “Mbili ni nyamazeni. Moja ni chukueni pumzi. Miaka ishirini na kitu. Hakuna mtu kwa hiyo kwaya anaingia bila hiyo moja.”

Akaendelea.

“Nilikuwa nimetumia ndugu yangu hiyo yako safi, wajaribu nayo wiki iliyopita. Tenor hawakuingia. Wazee wazima, walikaa tu wanangoja. Mmoja akasema, huyu ni Mwalimu, lakini bado hajafika.” Akanywa chai kidogo. “Sikutaka kukuambia. Ulikuwa umejitolea sana. Nikasema labda ni sisi hatujazoea.”

Hapo nilitamani anitukane. Nilimwambia samahani, na neno lenyewe likasikika jembamba, kama limepitishwa kwenye programu yangu.

“Jana ulibonyeza mara mbili,” akasema Rael. “Ya kwanza hukujua. Ya pili ulijua.”

“Nilijua.”

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeuliza bei na kuambiwa ile ile aliyoikisia. Kisha akauliza ziko wapi, hizo sauti. Nikasema ninazo, vipande hamsini na nane. Akauliza kama vinaweza kurudi mahali pake. Sikutaka kuahidi tena kitu nisichokijua. Nikamwambia kwamba ndani ya kila kipande kuna kivuli kidogo cha sauti ya Mwalimu, na kwa kivuli hicho baadhi naweza kuvipima vilikaa wapi. Vingine havina kivuli. Vingi vya vishindo havina.

“Vipande ninavijua,” nikasema. “Sijui vilikokuwa.”

“Mimi najua vilikokuwa,” akasema Rael. “Nilikulia chini ya hiyo meza.”

Ndugu yake angeshuka mjini Alhamisi kuipokea rekodi, ili iwahi mazoezi ya mwisho. Akasimama, akaosha kikombe chake. Mlangoni akageuka, akasema kwamba kabla ya yote hataki kuisikia tena kule chini mgahawani, si kwetu si mahali pengine. Akatoka.

Mahali pengine palikuwepo. Orodha yangu yote Shaun alishaituma kwenye hoteli yetu nyingine ya Lusail, waicheze jioni ile ile. Nilimfuata ofisini kwake saa sita. Alikuwa amefurahi kuniona. Alianza kunisimulia kwamba meneja wa Lusail anataka niende nikawaeleze wageni habari ya Tanga kwa mdomo wangu. Nilimwacha amalize, kwa sababu sikujua namna ya kumkata. Halafu nikamwambia hakuna Mjerumani, hakuna santuri, babu yangu alikuwa mshona viatu, na aliyekuwa akigonga ni marehemu baba yake Rael.

Akaniangalia kama anavyoangalia sahani iliyorudishwa na mgeni kwa sababu ya unywele. Nilitegemea ulizo juu ya Rael, na lilikuja, lakini la mwisho: kama alijua wakati anasimama pale saa tisa. Nikasema nadhani alijua, ingawa mimi nilimwambia sivyo. Shaun akapitisha kiganja usoni. Akapiga simu Lusail nikiwa nimesimama, akawaambia waondoe wimbo wa saba na nyingine zote nilizozigusa mimi. Walibaki na nyimbo zinazong'aa kama sahani. Kwenda Lusail sikutajwa tena. Wakati natoka aliniambia kwamba yeye mwenyewe atamtafuta Rael azungumze naye, na kwamba angependa mimi nisiwepo.

Jumapili, saa nane na nusu mchana, Rael alibisha mlango wa stoo. Mapumziko yake ni nusu saa. Nilikuwa nimeshaweka viti viwili na hedifoni mbili, na kwenye kompyuta mstari wa juu una sauti safi ya Mwalimu, wa chini hauna kitu. Salamu ilikuwa fupi. Tukaanza.

Nilikuwa nimevipanga vipande kwa majina niliyovipa, na sikukumbuka kuyaficha. Aliyasoma kwenye kioo, kimoja kimoja, midomo ikicheza. Mlango wa kaburi. Mnyororo. Kunguru. Masikio yangu yalipata moto.

“Huyu si kunguru,” akasema. “Ni kuku ya mama. Ilikuwa inaingia hadi chini ya kiti. Weka hapo anashuka, mwisho wa mstari wa pili.”

Nikaweka. Mwalimu akashuka mwisho wa mstari wa pili, kuku akasema neno lake, na nyuma ya sauti, kwa mara ya kwanza tangu niiharibu, kukawa na sakafu.

Tulienda hivyo. Yeye anasema, mimi nasogeza, tunasikiliza, anatikisa kichwa au anakataa. Kiti kililia kila alipogeukia soprano, kwa sababu aliinuka kidogo kufikia sauti za juu. Mvua ilianza hafifu na kuongezeka kabla ya alto. Tulipofika kwenye mnyororo, ambao Ijumaa ulipita chini ya valsi, wimbo wa kumi na mbili, na mwanamke mmoja akashika mkono wa mumewe, Rael alikisikiliza mara mbili.

“Hicho ni kijiko,” akasema. “Mama amemletea chai. Anakoroga sukari akiwa bado anaimba, hawezi ngoja.”

Akacheka. Kicheko kifupi, hakikuwa changu, nami sikukiitikia. Nilifungua daftari, nikakata neno mnyororo kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake: kijiko, chai, alto. Ukurasa ule sasa una mistari mingi kuliko maneno.

Saa tisa kasoro tano tulikuwa na dakika nne na sekunde kumi, katika zile kumi na moja. Vipande ishirini na viwili vilikuwa vimekaa. Soprano yote ilikuwa imerudi nyumbani, na alto nusu, isipokuwa milango ya kuingilia. Ikabaki migoto ya pete. Ipo minne, mmoja mbele ya kila sauti, na haina kivuli chochote. Ni ko, ko, kimya, ko, na koo, minne karibu sawasawa. Rael aliisikiliza yote mfululizo, kisha kwa kurudi nyuma. Akasema mmoja una pumzi ndefu kidogo, huo ni wa besi, kwa maana besi walikuwa wazembe na baba aliwangoja. Mwingine ni wa soprano bila shaka, mvua ilikuwa bado haijashika bati. Hiyo miwili tukaiweka.

Iliyobaki ilikuwa miwili, na mmoja wake ni kipande cha kumi na tisa.

Alikisikiliza kipande cha kumi na tisa akiwa ameweka mikono mapajani. Nilimwona mgongo wake ukinyooka wenyewe kwenye kiti. Akaomba nirudie, nikarudia. Huenda ni tenor. Huenda ni alto. Ikiwekwa mahali si pake, wazee wale wangevuta pumzi ya watu wengine.

“Naskia ni tenor,” akasema. “Lakini sina uhakika. Na wewe usikisie.”

“Sitakisia.”

Akaangalia saa, akafunga aproni yake. Meza zilikuwa zinamngoja. Nikamwambia tuna kesho, keshokutwa na Jumatano, na kwamba saa za mapumziko yake zikitosha tutaimaliza, zisipotosha nitamwambia mapema, sitamficha. Aliitikia kwa kichwa. Sikumuuliza jambo lingine lolote. Nilikuwa nalo mdomoni, na nilijua nikilisema nitakuwa namwomba anipunguzie mzigo, naye ana wake.

Mlangoni akasimama.

“Kesho usianze bila mimi,” akasema.

Nikahifadhi kazi mara tatu, katika sehemu tatu, nikaandika tarehe. Kipande cha kumi na tisa nikakiacha pembeni, nje ya mstari, hakijakaa popote. Kwenye daftari, mbele ya namba yake, nikafuta neno kimekubali, nikapaacha wazi.